Mimea Iliyobeba Majina ya Wenzake

Mama mmoja, jirani yangu, aliambiwa na rafiki yake kwamba utomvu wa mshubiri hutuliza ngozi iliyoungua. Mtoto wake alikuwa amemwagikiwa na uji wa moto mkononi. Basi yule mama akatoka mbio mpaka ukingo wa barabara, ambako palikuwa na mmea wenye majani mazito, marefu, yenye miiba pembeni na ncha kali kama mkuki. Akakata jani moja, akalikamua, akampaka mtoto. Haukupita muda mrefu mtoto akaanza kulia kuliko alivyolia alipoungua. Mkono ulivimba, ukajaa vipele vyekundu, na kuwashwa hakukukoma mpaka siku ya pili.

Tangu siku hiyo mama huyo huapa kwamba mshubiri ni sumu. Nami nilipokwenda kuutazama ule mmea niliona kwamba haukuwa mshubiri hata kidogo. Ulikuwa ni agave, mgeni aliyetoka Amerika, ambao utomvu wake una chembe kali ndogo kama sindano zisizoonekana kwa macho, nazo huchoma na kuwasha ngozi. Wala mama hakuwa wa kwanza kukosea. Waingereza wenyewe, kwa muda wa miaka mingi, wameuita mmea huo "mshubiri wa Amerika". Kosa lilikuwa katika jina, na mtoto ndiye aliyelilipa.

Kwa sababu hiyo nimeona yafaa kuwaeleza wasomaji habari za mimea ya namna hii, yaani yuka, agave, mkonge, sansevieria na drasena, ambayo hupandwa sana katika bustani zetu na kando ya njia zetu, na ambayo imevishwa majina mengi ya kuazima. Hadithi ya majina hayo ni ya ajabu, na tena ina faida.

SI NYASI

Ukiitazama mimea hii kwa mbali utadhani yote ni ya tumbo moja. Majani yatoka mahali pamoja kama fungu la panga zilizochomekwa ardhini, na mishipa ya jani yanyoka kutoka shinani mpaka nchani kama ilivyo katika nyasi. Ndiyo maana watu wa nchi nyingi wameiita mimea ya umbo hili nyasi. Marekani iko mimea iitwayo "nyasi za dubu", na katika Australia uko mmea uitwao "mti wa nyasi", wenye shina jeusi na kichwa cha majani membamba kama ufagio.

Lakini si nyasi. Ukoo wa nyasi za kweli ni ule wa mahindi, mtama, ngano, mpunga, muwa na mwanzi. Ni kweli kwamba mbegu za mimea hii, kama mbegu za nyasi, huchipua jani moja tu la kwanza, wala si mawili kama maharagwe. Hapo undugu unaishia. Maua ya nyasi ni madogo, hayana mapambo, na unga wake huchukuliwa na upepo. Maua ya yuka na wenzake ni makubwa au ni mengi, yana rangi au harufu, nayo huwaita wadudu, ndege au popo waje kuyatembelea.

Wataalamu wa mimea siku hizi huweka yuka, agave, sansevieria na drasena katika ukoo mmoja na asparaga, ile mboga ya Wazungu. Mshubiri wameuweka katika ukoo mwingine ulio karibu. Nanasi, ambalo majani yake nayo yana miiba, ni la ukoo wa mbali kabisa. Kwa hiyo sura peke yake si shahidi wa kutosha.

MUHOGO USIO MUHOGO

Tuanze na yuka, maana jina lake lilizaliwa katika kosa. Wazungu walipofika katika visiwa vya Bahari ya Karibi, mwishoni mwa karne ya 15, waliwakuta wenyeji wa huko, Wataino, wakilima kiazi kirefu ambacho walikiita "yuca", nao walikikuna na kukikamua na kuoka mkate. Kiazi hicho sisi twakijua vizuri: ni muhogo. Wareno ndio walioupakia muhogo katika merikebu zao wakauleta Afrika, na leo mamilioni ya watu wa bara letu wanauishi.

Basi katika Uingereza alikuwako mtunza bustani na mganga mmoja, jina lake John Gerard, ambaye mwaka 1597 alitoa kitabu kikubwa cha habari za mimea. Katika bustani yake alikuwa na mmea mgeni uliotoka upande wa Amerika, wenye majani magumu kama panga. Gerard alidhani kwamba huo ndio mmea ambao mizizi yake hutengenezwa mkate wa wenyeji, akauandika kwa jina la muhogo. Kosa lake likajulikana baadaye, lakini jina lilikuwa limekwisha kushika. Mwaka 1753 mtaalamu wa Sweden, Carl Linnaeus, alipopanga majina ya mimea yote aliyoijua, aliliacha jina hilo, naye akaliandika "Yucca", kwa herufi c mbili. Hivyo ndivyo mmea wa maua ulivyovishwa jina la chakula, na chakula kikaitwa kwa jina jingine, Manihot.

Mpaka leo watu hukosea. Mtu asomaye kitabu cha mapishi cha Kihispania hukuta "yuca", akaenda kuutazama mmea wa bustanini na kujiuliza mizizi yake yachimbwaje. Hauchimbwi. Muhogo ni wa ukoo wa mbarika na wa mti wa mpira. Hauna undugu wowote na yuka. Katika nchi ya El Salvador, ambako vyote viwili vipo, wenyeji hawachanganyikiwi: muhogo huuita "yuca", na yuka huiita "izote". Tena ua la izote ndilo ua la taifa la nchi hiyo, na akina mama wa huko hulipika pamoja na mayai. Hapo twaona kwamba mwenyeji aliyekaa na mmea wake miaka mingi halipotezi jina. Aliyeuona mara moja bustanini ndiye alipotezaye.

MAJINA YALIYOTOKANA NA KAZI

Yuka zipo za aina zipatazo 40 au 50, na kwao ni Amerika ya Kaskazini na ya Kati, hasa katika nchi kavu. Wahindi Wekundu wa Marekani walizitumia tangu zamani sana. Kutoka katika majani walipata nyuzi za kusokota kamba, kusuka vikapu na kutengeneza makubazi. Walijua pia kukata ncha kali ya jani pamoja na uzi wake, ikawa sindano iliyokwisha kutungwa uzi. Mizizi waliiponda ndani ya maji, ikatoa povu jingi, nao wakaoshea nywele na nguo.

Kwa hiyo majina ya Kiingereza ya mimea hiyo yalifuata kazi na sura yake. Yuka moja ambayo majani yake yana nyuzi zinazoning'inia pembeni huitwa "sindano ya Adamu". Nyingine yenye majani magumu yenye ncha za kuchoma huitwa "singe ya Kihispania". Ile ya mbuga za katikati huitwa "gugu la sabuni". Na iko nyingine, jamaa ya karibu sana ya yuka, ambayo hukaa miaka mingi bila ua, kisha hutoa nguzo moja ndefu ya maua meupe na kufa. Hiyo huitwa "mshumaa wa Bwana Wetu".

Lakini iliyo mashuhuri kuliko zote ni ile iitwayo "mti wa Yoshua", ambayo huota katika jangwa la Mojave, kusini-magharibi mwa Marekani. Yasemekana kwamba wasafiri Wamormoni wa karne ya 19 walipoyaona matawi yake yaliyonyoshwa juu, walimkumbuka Yoshua wa Biblia akiinua mkono wake. Mwaka 1936 Serikali ya Marekani ilitenga nchi kubwa kuwa hifadhi kwa jina la mti huo, na mwaka 1994 ikaifanya kuwa hifadhi ya taifa.

YUKA NA NONDO WAKE

Msomaji mwenye yuka bustanini atakuwa ameona jambo moja: kila mwaka au kila baada ya miaka michache mmea hutoa kichala kizuri cha maua meupe kama kengele, lakini mara nyingi maua hupukutika yasizae hata mbegu moja. Wengine hudhani ardhi ni mbaya, wakamwaga samadi bure. Sababu si ardhi. Sababu ni kwamba rafiki wa yuka hakusafiri pamoja nayo.

Kwao Amerika yuka hutegemea nondo mdogo aonekanaye usiku. Habari zake zilielezwa mwaka 1872 na mtaalamu wa wadudu Charles Riley. Nondo jike huingia katika ua, akakusanya unga wake kwa viungo maalumu vilivyo kinywani, akaufinyanga kuwa donge na kulibeba chini ya kichwa. Kisha huruka mpaka ua jingine, akataga mayai ndani ya kifuko cha mbegu, halafu hupanda juu na kuusukuma ule unga mahali pake hasa, ili mbegu zipate kushika. Hafanyi hivyo kwa bahati kama nyuki anayetafuta asali. Hufanya kama mkulima anayepanda shamba atakalolisha watoto wake. Viwavi wake wakianguliwa hula baadhi ya mbegu, na zinazobaki huutosha mmea.

Tena kuna adabu katika mapatano hayo. Nondo akitaga mayai mengi kupita kiasi katika ua moja, mara nyingi mmea huliangusha ua hilo pamoja na watoto wa nondo. Mlafi hapati kitu. Kwa kuwa nondo huyo hayuko Afrika, yuka zetu huzidishwa kwa machipukizi au kwa vipande vya shina, na hivyo ndivyo mtu atakaye kuipanda afanye.

MKONGE WA KWETU NA MKONGE WA KIGENI

Sasa turudi nyumbani. Mtu yeyote wa Kenya au Tanzania akisikia neno mkonge huwaza mashamba makubwa ya Tanga, ya Vipingo au ya Mwatate, yenye mistari iliyonyoka mpaka upeo wa macho. Wachache wanajua kwamba neno hilo ni la zamani kuliko mashamba hayo. Kabla ya mkonge wa kigeni kuja, watu wa pwani walikuwa na mkonge wao wa porini: ni mmea ule ambao wataalamu waliuita sansevieria, wenye majani yasiyo na miiba pembeni, aghalabu yenye madoa ya kijani na ya kijivu. Watu waliyapondaponda majani yake, wakayakwangua, wakapata konge, yaani nyuzi za kusokota kamba na kutengeneza mitego.

Mkonge wa kigeni uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf. Mwaka 1893 aliagiza vitoto vya mmea 1,000 kutoka Florida, Marekani. Vilipitia Hamburg, na vilipofika Tanga vilivyokuwa hai vilikuwa 62 tu. Vikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutoka katika hivyo 62 ulianza utajiri wa Tanganyika, ambayo katika miaka ya 1960 ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za nyuzi kwa mwaka, kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Wenyeji walipoona mmea mgeni ukitoa nyuzi kama mkonge wao, wakaupa jina lile lile. Mgeni akakua, akajaza nchi, na mwenyeji akabaki kuitwa "mkonge mwitu" katika nyumba yake mwenyewe.

Wala jina la Kizungu la mmea huo, sisal, si la mmea. Sisal ni bandari ndogo katika Yucatan, nchini Mexico. Nyuzi zilisafirishwa kutoka hapo, na wanunuzi wa ng'ambo wakaziita kwa jina la bandari. Mwaka 1838 Henry Perrine, aliyekuwa balozi mdogo wa Marekani katika upande huo, aliuandika mmea kwa jina la Agave sisalana, naye ndiye aliyeupeleka Florida, ambako baadaye Hindorf aliupata. Na ajabu ni kwamba nyuzi nyingi zilizopita katika bandari hiyo zilitoka katika mmea mwingine wa jamaa hiyo, uitwao heneken.

Vivyo hivyo neno katani, tunalolitumia kwa nyuzi za mkonge, ni la Kiarabu, na huko asili yake ni kitani, mmea mwembamba wenye maua ya samawati, usiofanana na mkonge hata kwa mbali. Mkata mkonge wa zamani, yule manamba aliyetoka mbali kufanya kazi kwa mkataba, alikuwa akikata mmea wa Mexico kwa jina la mmea wa pwani, akaupeleka korona kusagwa, na zikatoka nyuzi zenye jina la mmea wa Misri.

BONDE LILILOPEWA JINA LA MMEA

Sansevieria ina heshima nyingine ambayo haijulikani sana. Wamasai huuita mmea huo wa porini oldupai. Katika mwaka 1911 Mjerumani Wilhelm Kattwinkel alifika katika bonde moja kaskazini mwa Tanzania ya leo, ambako mmea huo umejaa tele. Neno aliloambiwa halikuandikwa vizuri, na ulimwengu ukalijua bonde kwa jina la Olduvai. Hapo ndipo Mary Leakey, mwaka 1959, alipolipata fuvu la kale sana lililowafanya wataalamu wa dunia nzima waitazame Afrika Mashariki. Siku hizi wengi wameanza kuandika Oldupai, kama wenyewe wanavyotamka. Mmea ule ule huwafaa pia wanyama: katika nchi kavu kama Tsavo ndovu hutafuna majani yake kwa ajili ya maji, kisha hutema nyuzi.

Wachaga nao wana mmea wa jamaa hii, yaani aina ya drasena, ambao huuita isale. Hupandwa kuonyesha mpaka wa kihamba, na mtu aliyemkosea mwenzake huenda kwake na jani la isale kuomba msamaha. Mmea wenye kazi kama hiyo si pambo tu. Mtu mgeni akiung'oa kwa kudhani ni gugu, amefuta ushahidi wa mpaka na kuanzisha kesi.

JINSI YA KUITAMBUA

Basi msomaji afanyeje asipotezwe na majina? Dalili ziko, na mtu yeyote aweza kuzishika.

Mshubiri: vunja jani. Litakatika kwa urahisi, bila nyuzi ngumu. Ndani lina ute mweupe ulio wazi, na karibu na ganda hutoka maji ya manjano yaliyo machungu sana, ambayo ndiyo shubiri yenyewe. Maua ni ya rangi nyekundu, ya machungwa au ya manjano, nayo hurudi mwaka hadi mwaka.

Agave na mkonge wa mashambani: jani halikatiki vizuri, maana ndani limejaa nyuzi ngumu, na ncha yake ni mwiba mweusi. Mmea hutoa nguzo ya maua mara moja tu baada ya miaka mingi, mirefu kuliko nyumba, kisha hufa. Mkonge hutupa vitoto vingi kutoka katika nguzo hiyo.

Yuka: jani ni jembamba na kavu, halina nyama ndani, mara nyingi mmea una shina kama mti. Maua ni meupe, yameinama kama kengele, na nyingi hazifi baada ya kutoa maua.

Sansevieria: jani lina nyuzi lakini halina meno pembeni, maua ni madogo, meupe au ya kijani kibichi hafifu, na matunda ni mekundu au ya machungwa kama shanga.

Mtu akipatwa na utomvu wa agave, aoshe mahali hapo mara moja kwa sabuni na maji mengi, asikune. Ukiingia machoni, aoshe kwa maji safi na kwenda hospitali bila kukawia. Na aliyeungua kwa moto au kwa maji ya moto, dawa ya kwanza iliyo karibu na salama ni maji safi ya baridi yanayotiririka, kisha apelekwe kwa mganga aliyesomea kazi hiyo. Tena yafaa kukumbuka kwamba mishubiri ya porini ina ulinzi wa sheria: mwaka 1986 Kenya ilipiga marufuku kuivuna kwa biashara, na biashara hiyo siku hizi hufuata vibali na kanuni.

JINA NI AMANA

Nimekwisha kueleza jinsi mtunza bustani wa Kiingereza alivyolipa ua jina la muhogo, jinsi bandari ilivyolipa mmea jina lake, na jinsi bonde la Wamasai lilivyoandikwa vibaya. Makosa hayo yote yalifanywa na watu waliosikia neno mara moja wakaondoka. Sisi tunaokaa na mimea hii hatuna udhuru huo.

Wazee wetu wana majina ya mimea ambayo hayamo katika kitabu chochote, na kila jina hubeba ndani yake habari: huu ni wa kamba, huu ni wa dawa, huu huwasha, huu ni wa mpaka. Mzee akifa bila kuulizwa, jina hufa naye, na mjukuu hubaki kuita kila kitu chenye miiba "mshubiri". Walimu waweza kuwatuma watoto kuuliza nyumbani na kuandika jina la lugha ya kwao, mahali mmea ulipoonekana na kazi yake. Mmea ukiwa na mashaka, bwana shamba aweza kuulizwa, na katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi, iko hazina kubwa ya mimea iliyokaushwa ambako wataalamu huweza kulinganisha jani na jani.

Yule mtoto wa jirani yangu amepona, na mkono wake hauna alama. Mama yake amepanda mshubiri wa kweli karibu na mlango wa jikoni, mbali kabisa na agave ya barabarani. Nilipompitia juzi alinionyesha jani alilolivunja mwenyewe, akanyosha kidole kwenye yale maji ya manjano, akaniambia, "Huu sasa ninaujua kwa jina lake." Kuuliza si ujinga.